Unyenyekevu wa Epafrodito

Wanafunzi ninaowafundisha Agano Jipya, ambao wengi wao wanajiandaa kwa kazi ya uchungaji, huniuliza mara kwa mara jinsi Mkristo anavyoweza kumhesabu mwenzake kuwa bora kuliko nafsi yake, kama Paulo anavyoagiza katika Wafilipi 2:3, bila kuvikana vipawa alivyopewa na Mungu. Swali hilo lina uzito, na jibu lake naliona wazi zaidi kwa watu wanaotajwa mwishoni mwa sura hiyohiyo kuliko katika fasili yoyote ya unyenyekevu.

Filipi ulikuwa mji wa Makedonia, kaskazini mwa Ugiriki ya leo. Baada ya vita vya mwaka 42 K.K., ambapo majemadari wa Kirumi Marcus Antonius na Octavianus waliwashinda Brutus na Cassius, wauaji wa Julius Caesar, askari waliomaliza utumishi walipewa ardhi huko, na mji ukawa koloni la Kirumi. Wakazi wake walivithamini vyeo mno, hata maandishi yaliyochongwa kwenye mawe, yakiwemo ya makaburini, yanataja nyadhifa za mtu moja baada ya nyingine. Kwa watu waliolelewa hivyo, habari ya Bwana aliyetwaa namna ya mtumwa na kufa msalabani haikuwa rahisi kupokewa.

Kanisa la mji huo ndilo lililomtuma Epafrodito ampelekee Paulo msaada gerezani. Nyakati zile mfungwa alitegemea sana ndugu na rafiki kwa chakula na mavazi, kwa hiyo safari hiyo ilikuwa ya lazima. Epafrodito akaugua, karibu na kufa, na hapo Paulo anaeleza jambo ambalo hunigusa kila ninapolisoma: kilichomhuzunisha mgonjwa ni kwamba Wafilipi walikuwa wamepata habari za ugonjwa wake. Naye Paulo, aliyemhitaji kuliko mtu yeyote, akamrudisha nyumbani ili wao wafurahi. Wafilipi wanamjali Paulo, Epafrodito anawajali Wafilipi, Paulo anawajali wote, na hakuna anayepima ni nani mkubwa. Kumhesabu mwenzako kuwa bora, kwa jinsi ninavyolielewa fungu hili, ni kuyatanguliza mambo yake unapoamua, hata kama kipawa chako kinazidi chake.

Ili kuyatanguliza, sharti kwanza uyajue. Niliwahi kuketi katika baraza la wazee wa kanisa lililokuwa likipanga upya ibada ya katikati ya juma, na karibu wote tulikubaliana juu ya Jumatano saa kumi na moja jioni. Mzee mmoja, ambaye neno lake lingetosha kumaliza mjadala, aliomba tusubiri hadi akina mama wauza mboga waulizwe. Walipoulizwa, ilibainika kwamba Jumatano ilikuwa siku ya gulio na kwamba saa hiyo ndiyo wateja wao walikuwa wengi. Ibada ikahamishiwa Alhamisi, siku ambayo mzee huyo alikuwa na shughuli zake, na ni yeye aliyezipangua.

Nalisema hili kwa msisitizo, kwa sababu unyenyekevu huhubiriwa mara nyingi kwa wadogo peke yao. Waraka huu unawasalimu watakatifu wote, pamoja na maaskofu na mashemasi, na agizo lake ni la kila mtu. Kumwambia mke anayepigwa, au mfanyakazi asiyelipwa mshahara wake, kwamba anyamaze kwa unyenyekevu ni kulipotosha Neno. Paulo mwenyewe, alipopigwa na kufungwa bila hukumu katika mji huohuo wa Filipi, alikataa kutolewa kwa siri, akataka wakuu waje wenyewe wamtoe yeye na Sila, kama tunavyosoma katika Matendo 16.

Katika sura ya nne ya Wafilipi tunakutana na Euodia na Sintike, wanawake walioishindania Injili pamoja na Paulo, ambao sasa hawakuwa na nia moja. Paulo hasemi ni nani mwenye haki. Anamsihi kila mmoja kwa jina lake, kisha anamwomba mwenzake wa kazi awasaidie, ili mzigo wa kupatana usiwaelemee hao wawili peke yao.