Anayeripoti hatari mapema aongezewe alama

Aprili 20, 2010, viongozi wa kampuni walifika kwenye mtambo wa mafuta wa Deepwater Horizon, Ghuba ya Meksiko, kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka 7 bila mtu kuumia hata akakosa siku ya kazi. Usiku uleule mtambo ukalipuka, wakafa watu 11. Rekodi ile haikuwa inapima shinikizo la gesi kisimani.

Kipimo cha aina hiyo bado kinatawala sehemu nyingi za kazi: majeruhi waliokosa siku ya kazi, zidisha kwa 1,000,000, gawanya kwa jumla ya saa za kazi. Wafanyakazi 200 wakifanya saa 2,000 kila mmoja kwa mwaka, majeruhi 2 hutoa 5. Akifichwa mmoja, inabaki 2.5. Bonasi ikifungwa kwenye namba hii, aliyevunjika kidole ataitwa aje akae tu ofisini ili siku isihesabike.

Kwa hiyo tunashauri taarifa za nusura ajali, yaani matukio yaliyokaribia kuumiza mtu, zipewe safu yake, isiyochanganywa na ya majeruhi. Chukua nyundo iliyodondoka kutoka jukwaa la ujenzi pasipo mtu chini. Alama 1 itolewe taarifa ikifika ndani ya saa 24, ikitaja mahali, kilichotokea na kilichookoa watu. Chanzo kikithibitishwa, ziongezwe 2. Ubao wa kuzuia vitu pembezoni mwa jukwaa ukishafungwa na kukaguliwa, 3 zaidi. Hizi za mwisho ziende kwa kikosi kizima pamoja na msimamizi wake, maana yeye ndiye anayeweza kuikalia taarifa.

Msiweke idadi ya lazima kwa mwezi. Mkiiweka, tarehe 30 mtapokea rundo la taarifa za taa zilizoungua. Na taarifa zikiongezeka miezi ya mwanzo, msimkaripie meneja: hatari zilikuwepo, sasa zinaonekana.

Alama hazitoshi penye hofu ya adhabu. Nchini Marekani, tangu 1976, marubani huripoti makosa ya usalama kwa NASA, shirika la anga za juu, ambalo halina mamlaka ya kuwaadhibu, na majina huondolewa. Aliyekosea bila kukusudia akiripoti ndani ya siku 10 anaweza kusamehewa adhabu. Ajali na uhalifu havimo katika msamaha huo. Nanyi pia, anayepokea taarifa asiwe yule anayeandika barua za onyo. Tena amjibu mtoa taarifa ndani ya wiki moja, hata kama jibu ni kwamba kifaa bado hakijapatikana.