Kukomaza Zege: Maana Yake kwa Anayejijengea Sakafu ya Karakana Shambani

Kukomaza zege ni kulitunza zege lililokwisha kumwagwa na kusawazishwa ili lisipoteze unyevu wake kwa siku kadhaa, hadi saruji iliyomo iwe imepata nafasi ya kushika kikamilifu. Mafundi wengi huiita kazi hii kumwagilia tu. Mkulima wa Masindi au Kiryandongo, nchini Uganda, anayejijengea karakana ya kutengenezea trekta, mashine ya kupukuchulia mahindi na majembe ya kukokotwa huwa ameshapanga fedha za saruji, mchanga, kokoto na vibarua, lakini mara nyingi hesabu yake huishia siku ya kumwaga. Kwa maoni yangu, sakafu nyingi huharibikia hapo, wala si kwenye ubora wa saruji ambao watu hupenda kuulaumu.

Zege haliwi gumu kwa sababu limekauka. Huwa gumu kwa mmenyuko wa kikemia kati ya saruji na maji, mmenyuko unaotoa joto na kujenga fuwele ndogo zinazofungamana na kuzishika pamoja chembe za mchanga na kokoto. Ndiyo maana zege lililomwagwa chini ya maji hushika vizuri kabisa. Unyevu uliomo ndani ya vitundu vya zege ukishuka chini ya takriban asilimia 80, mmenyuko huo karibu husimama, na saruji ambayo haijapata maji hubaki humo bila kufanya kazi iliyonunuliwa kufanya. Zege linalotunzwa vizuri hufikia kama theluthi mbili ya nguvu zake kwa siku 7, na nguvu zinazotumika katika hesabu za wahandisi hupimwa siku ya 28. Likiachwa juani tangu mwanzo, linaweza kubaki na nusu tu ya nguvu hizo.

Hasara hiyo haienei sawasawa. Sehemu inayokauka kwanza ni ya juu, ambayo ndiyo hasa inayofanya kazi katika karakana. Hapo ndipo jeki huelemeza uzito wa ekseli ya trekta juu ya eneo dogo, ndipo nyundo na vyuma huangukia, na ndipo mafuta machafu na chumvi za mbolea humwagika. Sakafu isiyokomazwa hutoa vumbi la kijivu kila inapofagiliwa, hunywa mafuta, na baada ya misimu michache huanza kumeguka pale magurudumu yanapopita. Kunyunyiza saruji kavu juu ya zege bichi na kulilainisha kwa mwiko, kama inavyofanyika sana, hakuondoi tatizo hili. Hutengeneza ngozi nyembamba inayong'aa, ambayo baadaye huweza kubanduka.

Maji ya kukomazia yasifananishwe na maji ya kukorogea, kwani kuzidisha haya ya pili ni hatari. Duff Abrams, mtafiti wa zege wa Kimarekani, alionyesha huko Chicago mwaka 1918 kwamba nguvu ya zege hutegemea sana uwiano wa maji na saruji. Mfuko wa kilo 50 unatosha kukorogwa kwa lita 25 hivi, yaani jerikeni moja na robo, ukihesabu na unyevu uliomo katika mchanga. Saruji yenyewe hufunga kikemia takriban lita 12 kati ya hizo. Ziada hurahisisha kazi ya koleo, kisha huacha vitundu. Kwa hiyo kibarua anayeongeza maji ili zege liteleze kutoka kwenye toroli anapunguza nguvu ambazo umwagiliaji wa baadaye hauwezi kuzirudisha.

Tuchukue sakafu ya mita 4 kwa 6 yenye unene wa sentimita 10, iliyowekwa juu ya moramu (udongo wenye changarawe) iliyoshindiliwa na kutandikwa kavera nzito ya ujenzi, yaani karatasi ya plastiki, ili ardhi isinyonye maji ya zege kutoka chini. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga na kokoto) itahitaji mifuko 15 au 16 ya saruji. Inafaa igawanywe kwa mikato katika vipande vya mita 2 kwa 3, kwa kuwa kukomaza hupunguza nyufa lakini hakuzizuii zote. Kesho yake asubuhi, uso ukiwa umeshika kiasi cha kutomomonywa na maji, mtu anaweza kuzungushia matuta madogo ya mfinyanzi pembeni na kujaza maji ya kina cha sentimita 2. Hizo ni lita 480, au jerikeni 24, na za kuongeza kila yanapopungua. Kisima kikiwa mbali, magunia yaliyoloweshwa na kufunikwa kwa kavera hutumia maji machache zaidi, mradi kingo zielemezwe vizuri ili upepo usipenye. Kulowesha asubuhi na kuacha uso ukauke kabisa hadi jioni ni utunzaji mbaya, kwa sababu kuvimba na kusinyaa huko kunakojirudia huleta nyufa ndogo ndogo kama utando.

Siku 7 mfululizo ndizo kiwango cha chini ambacho ningemshauri mtu yeyote, na kaskazini mwa Uganda, kuanzia Desemba hadi Februari, jua na upepo mkavu vikiwa vimeshika, siku 10 au zaidi ni za busara. Wakati huo heri kuezeka mabati kabla ya kumwaga sakafu: kivuli hupunguza ukaukaji tangu saa ya kwanza, na katika misimu ya mvua paa hilo hilo huzuia matone yasichimbe uso ulio laini bado. Mtu anaweza kutembea juu ya sakafu kwa uangalifu baada ya siku moja au mbili, na toroli linaweza kupita baada ya wiki. Trekta lisubiri hadi siku 28 zitimie, na kama ndilo litakaloingia humo mara kwa mara, unene wa sentimita 15 unafaa zaidi kuliko 10.