Wapinga metriki: ni akina nani, na wanagombania nini kwenye vibao vya barabarani?

Mpinga metriki ni mtu anayekataa vipimo vya zamani vya Kiingereza, yaani maili, yadi, futi, inchi, ratili na painti, viondolewe na nafasi yake ichukuliwe na vipimo vya metriki: kilomita, mita, kilo na lita. Wako wa aina nyingi. Kuna wanaoandikia wabunge barua, kuna wafanyabiashara waliokataa kubadili mizani, na kuna wachache waliobeba ngazi na spana wakaenda kung'oa vibao. Hao wa mwisho nitawaeleza zaidi, kwa sababu hoja yao ni nzito kuliko inavyosikika mara ya kwanza.

Kundi lao nchini Uingereza linaitwa Active Resistance to Metrication, kwa kifupi ARM, maana yake upinzani wa vitendo dhidi ya metriki. Lilianza mwaka 2001. Baadhi ya wanachama walijipa majina ya bandia yaliyotokana na vipimo vya kale, na kazi yao ilikuwa kupita mijini na vijijini wakitafuta vibao vilivyoandikwa mita au kilomita. Wakikiona kimoja, wanabandika stika ya yadi juu ya mita, au wanakipaka rangi, au wanalegeza nati na kukiondoa kabisa. Kazi hiyo iliwahi kuwafikisha mahakamani.

Ukisikia mtu kang'oa kibao cha umma, unasema huo ni uhalifu na mjadala umekwisha. Wao wanajibu kwamba kibao ndicho kilichoanza kuvunja sheria. Na ukizisoma kanuni za alama za barabarani za Uingereza unakuta wana pa kusimama. Kanuni hizo zinataka umbali uandikwe kwa maili na yadi, na mwendo wa gari uwe kwa maili kwa saa. Mita hazijaruhusiwa kwa umbali. Kwa hiyo halmashauri ya mji inayosimika kibao cha "makumbusho, mita 400" imetoka nje ya kanuni, hata kama ilifanya hivyo kwa nia njema. Katika hilo naona wapinzani hawa walikuwa sahihi. Ila kosa la halmashauri halimpi mwananchi ruhusa ya kubeba spana. Yupo mgeni anayekitegemea kibao hicho kufika anakokwenda, na kikiondoka usiku, asubuhi ndiye anayepotea njia.

Imekuwaje nchi inayopima petroli kwa lita na sukari kwa kilo ipime barabara kwa maili? Watu wengi huitupia Ulaya lawama, lakini tarehe zinakataa. Serikali ya Uingereza ilitangaza kuhamia metriki mwaka 1965, viwanda vyenyewe vikiomba, miaka minane kabla nchi haijajiunga na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya. Mwaka 1969 iliundwa bodi ya kusimamia mabadiliko. Vibao vya barabara vilipangiwa mwaka 1973. Mwishoni mwa 1970 serikali ikaahirisha suala hilo bila kutaja tarehe nyingine, na bodi yenyewe ikavunjwa mwaka 1980. Kazi ikaachwa njiani. Australia ilibadili vibao vyake mwaka 1974, na Ireland, jirani wa mlango kwa mlango, ikabadili vya mwendo Januari 2005. Leo dereva anayetoka Ireland kuingia Ireland ya Kaskazini anavuka kutoka kilomita kuingia maili bila hata kusimama.

Kazi iliyoachwa njiani huzaa mkanganyiko, na mfano mzuri ni herufi moja tu. Kwenye barabara kuu za Uingereza, kibao kikubwa cha buluu kikisema "1 m", maana yake ni maili moja, karibu mita 1,609. Endelea mbele hadi kwenye daraja la chini na utakuta duara lenye ukingo mwekundu, ndani yake pameandikwa futi na inchi, 14'-6", na pembeni yake "4.4 m". Hiyo m ya pili ni mita. Herufi ni ileile, barabara ni ileile. Dereva aliyezaliwa pale hapati shida, maana hajawahi kuona daraja la maili nne kwenda juu. Ila mwendesha lori kutoka Poland au Uhispania, anayesoma akiwa kwenye mwendo, hana mazoea hayo.

Kwa sababu ya malori hayo, tangu mwaka 2015 vibao vipya vya kikomo cha urefu na upana vinatakiwa kuonyesha vipimo vyote viwili. Madaraja ya reli yalikuwa yakigongwa, na madereva wa kigeni wasiojua futi walikuwa miongoni mwa waliogonga. Hapa siwezi kuwatetea wapinzani wa mita hata kidogo. Mtu aliye juu ya treni inayopita darajani hana kosa lolote katika ugomvi wa futi na mita.

Tawi jingine la upinzani huu ni la sokoni, na limeacha alama kubwa zaidi kwenye sheria. Kuanzia tarehe 1 Januari 2000, bidhaa zinazopimwa mbele ya mteja zilitakiwa kuuzwa kwa kilo. Steven Thoburn, muuza matunda wa Sunderland, alikuwa na mizani ya ratili na wateja waliozoea kuomba ratili. Akaendelea kuwauzia ndizi hivyo. Mwaka 2000 mizani yake ikachukuliwa, mwaka 2001 akatiwa hatiani, na Februari 2002 akashindwa rufaa Mahakama Kuu. Uamuzi wa jaji Laws katika kesi hiyo ndio wanafunzi wa sheria wanaosoma hadi leo, kwa sababu alisema zipo sheria za bunge zenye uzito wa kikatiba, zisizoweza kufutwa kimyakimya na sheria inayokuja baadaye. Wafanyabiashara wa namna ya Thoburn waliitwa mashahidi wa metriki (kwa Kiingereza Metric Martyrs), kwa maana ya watu waliojitoa mhanga kwa kuipinga. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2004 akiwa na miaka 39.

Kesi hiyo inanigusa kuliko ya vibao. Ratili ni kama gramu 454. Mteja wa Thoburn alijua ratili ya ndizi ina uzito gani mkononi, na hakuna aliyelalamika kwamba amepunjwa. Sheria ya vipimo ilitungwa ili mnunuzi asidhulumiwe, na hapa haikumlinda mnunuzi yeyote.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi asidhani jambo hili liko mbali naye. Chukua risiti ya duka la vifaa vya ujenzi: saruji kilo 50, nondo milimita 12, mbao mbili kwa nne za futi 12, bomba la nusu inchi, bati la geji 30 futi 10, rangi galoni moja, nayo galoni hiyo ni kopo la lita nne. Shamba ni ekari. Vibao vyetu vya barabara vinasema kilomita, lakini Kibaha bado kuna Maili Moja na Eldoret bado kuna Maili Nne, na abiria hushuka hapo bila kuuliza ni kilomita ngapi. Kwetu vipimo hivi viwili vinaishi pamoja bila kesi, kwa sababu hakuna aliyemkataza fundi kusema inchi. Uingereza ugomvi ulianza pale mtu alipofungiwa mizani.

Tena si kweli kwamba watu wanaokataa kubadilishiwa vipimo huichukia mita yenyewe. Marekani, katika jimbo la Arizona, kuna barabara inayoitwa Interstate 19, kutoka Tucson hadi mpakani Nogales, karibu kilomita 102. Umbali kwenye vibao vyake umeandikwa kwa kilomita tangu takriban mwaka 1980, ingawa mwendo umebaki kwa maili. Wakuu wa barabara walipotaka kurudisha maili, wenye hoteli na maduka ya kando ya njia walipinga: namba za njia za kutokea barabarani zingebadilika, na wao walikuwa wameshazichapa kwenye matangazo na kuwaelekeza wageni kwa namba hizo kwa miaka. Pale kilomita ndiyo iliyokuwa kipimo cha nyumbani. Kumbe mtu huling'ang'ania lile analoelekezea wageni.

Baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, serikali iliuliza wananchi mwaka 2022 kama wanataka vipimo vya zamani vipanuliwe madukani. Majibu yalizidi laki moja, na karibu asilimia 99 walitaka metriki ibaki kipimo kikuu. Desemba 2023 serikali ikatangaza kwamba haitabadili sheria, isipokuwa kuruhusu divai iuzwe kwa ujazo wa painti. Barabara hazikuguswa. Vibao vikubwa vya buluu bado vinahesabu maili, na chini yake, kwenye ukingo wa barabara kuu hizohizo, kuna vinguzo vifupi kila baada ya mita 100 vyenye namba za kilomita, ambavyo dereva aliyeharibikiwa na gari huvisoma kwa simu ili waokoaji wajue alipo.