Nyundo ya Daktari Haipimi Mfupa

Masika yaliyopita baba mkubwa aliteleza kwenye mteremko wa shamba lake huko Rungwe, mkungu wa ndizi ukiwa begani. Kiuno kikaanza kumuuma, maumivu yakashuka mguu wa kushoto hadi kisiginoni, nikampeleka hospitali Mbeya mjini. Daktari akamkalisha ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, akatoa kinyundo cha mpira na kumgonga chini kidogo ya pia ya goti. Mguu ukaruka. Tulipotoka nje akanishika mkono: "Sasa mwanangu, mbona hajasema kama mfupa ni mzima?"

Hayuko peke yake. Niliwauliza majirani, na wengi waliamini kinyundo kile kinapima ugumu wa mfupa. Wengine walisema kinapima uvumilivu wa maumivu. Mmoja, kijana wa bodaboda, alisema daktari anataka kujua kama mgonjwa ni mwoga.

Kinyundo hakina habari na mfupa. Kinalenga kano inayoanzia kwenye pia ya goti na kushikilia mfupa wa muundi. Kano ikigongwa, msuli mkubwa wa mbele ya paja unavutika kidogo sana. Ndani ya msuli huo mmetawanyika vihisi vyenye urefu wa milimita chache tu, vinene katikati na vyembamba kwenye ncha. Kazi yao ni kueleza msuli umevutika kiasi gani na kwa kasi gani. Taarifa hiyo inasafiri hadi kwenye uti wa mgongo, yaani ule ugwe wa neva ulio ndani ya mifupa ya mgongo, inakabidhiwa hapo hapo kwa neva inayouamuru msuli uleule, na msuli unakaza. Hiyo ndiyo refleksi. Kuanzia pigo hadi msuli kuanza kukaza hupita kama milisekunde 20 hadi 30. Mtu aliyeambiwa abonyeze kitufe mara aonapo taa ikiwaka, hata akiwa makini, hutumia karibu milisekunde 200.

Madaktari wawili wa Ujerumani, Wilhelm Erb na Carl Westphal, waliandika kuhusu mruko huu wa goti mwaka uleule, 1875, kila mmoja kivyake. Hata wao hawakukubaliana. Erb alisema ni refleksi, Westphal akadhani msuli wenyewe ndio unaoitikia pigo. Kwa hiyo majirani zangu wasijisikie vibaya.

Baada ya goti, daktari aligonga kano iliyo juu ya kisigino. Mguu wa kulia uliitikia, wa kushoto ukanyamaza. Jibu lilikuwa hapo. Neva inayobeba refleksi ya kisigino hutoka chini kabisa ya kiuno, na ikibanwa na gegedu iliyochomoza kati ya pingili za mgongo, refleksi ya upande huo hupungua au hupotea. Daktari hatafuti mruko mkubwa. Analinganisha kushoto na kulia, juu na chini.

Na usijigonge nyumbani ukaanza kuandika wosia. Wapo watu wazima wa afya ambao refleksi zao ni hafifu, na ya kisigino inaweza kufifia pande zote mbili kwa uzee. Kisukari cha muda mrefu nacho kinaweza kuifuta, hilo ni la kwenda kupima. Kuna pia ujanja wa Ernő Jendrassik, daktari wa Hungaria: mgonjwa anafungamanisha vidole vya mikono miwili na kuvivuta kwa nguvu, na mguu uliokuwa kimya mara nyingi unaruka.

"Kila amri hutoka kichwani"

Hii tumeimeza tangu shuleni: ubongo ni bosi, uti wa mgongo ni waya wa kupitishia simu. Mimi naona uti wa mgongo ni balozi wa nyumba kumi. Mambo ya haraka anayamaliza mwenyewe, kisha taarifa inapanda juu. Ukikanyaga mwiba, mguu unanyanyuka kabla hujasema "aah!" Katika nukta hiyo hiyo balozi ameshalegeza misuli ambayo ingepinga mguu kukunjwa, na ameukaza mguu wa pili ili usianguke. Wewe unapata habari mambo yakiwa yameisha. Neva za vihisi vya misuli ni miongoni mwa zenye mbio kuliko zote mwilini, hadi kama mita 120 kwa sekunde, wakati zile zinazoleta maumivu mazito ya kufukuta hutembea karibu mita 1 tu kwa sekunde.

Kuku aliyekatwa kichwa akikimbia uani, tunawaambia watoto roho haijatoka. Kilichobaki ni uti wa mgongo, ambao una mtandao wake wa kupanga hatua. Mwaka 1911 mtafiti Thomas Graham Brown alionyesha kwa paka kwamba mdundo wa kutembea unaweza kutengenezwa na uti wa mgongo bila amri ya ubongo, na hata bila taarifa kutoka miguuni.

Lakini balozi ana wakubwa wake. Mama ntilie aliyeshika sufuria ya moto haiachii kumwagikia mtoto aliye miguuni pake. Anaivumilia hadi aitue. Ubongo umetuma neno: subiri kwanza. Anayesema refleksi ni kama swichi ya taa hajawahi kuona jiko la mama ntilie.

"Mguu unacheza, anapona!"

Hapa ndipo dhana potofu inapoumiza watu. Kijana anaanguka na pikipiki, uti wa mgongo unakatika, miguu inapooza. Siku au wiki za mwanzo miguu inalegea kabisa, hata ukigonga kano hakuna kitu. Baadaye siku moja mama yake anavuta blanketi, na mguu unajikunja wenyewe. Nyumba nzima inashangilia. Wiki zinapita, mguu unarukaruka lakini yeye hawezi kusimama, na minong'ono inaanza: anajifanya, amerogwa, kapagawa.

Hajifanyi wala hajapagawa. Sehemu ya uti iliyo chini ya jeraha bado hai, na vihisi vya misuli bado vinatuma taarifa. Kilichokatika ni njia ya kwenda juu, pamoja na sauti ya ubongo iliyokuwa ikituliza refleksi. Balozi kaachwa peke yake, na kila kishindo anakiitikia kwa nguvu kupita kiasi. Mgonjwa wa kiharusi ambaye mkono wake umekaza na kujikunja kifuani yuko katika hali ya jamaa moja na hiyo.

Dalili ya kutazamia ni nyingine: mwambie achezeshe kidole gumba cha mguu, kisha aache. Akiweza kwa kutaka kwake, hiyo ndiyo habari ya kushangilia. Na mikazo ikizidi ghafla kuliko kawaida, chunguza kibofu, kidonda cha kulalia, hata ukucha ulioingia kwenye nyama. Mwili hauwezi kumwambia kuwa kuna maumivu, lakini uti wa mgongo umeyapata.

Hofu nyingine niliikuta wodini: "Wakikutoa maji ya mgongo unapooza." Kwa mtu mzima, uti wenyewe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano ya kupimia homa ya uti wa mgongo huingizwa chini ya hapo, palipo na neva zinazoelea kwenye maji. Kukataa kipimo hicho kwa mtoto mwenye homa na shingo ngumu ni hatari kubwa zaidi.

"Milango ya fahamu ni mitano"

Watazame akina mama wanaoteremka Tukuyu na mikungu kichwani, utelezi chini, macho mbele. Nani anatazama miguu yao? Vihisi vya misuli na viungo vinatoa ripoti bila kukoma, na huo ni mlango usiohesabiwa katika ile mitano. Mwaka 1971 Mwingereza Ian Waterman, akiwa na miaka 19, alipoteza hisia hizo kuanzia shingoni kwenda chini baada ya kuugua. Misuli yake ilikuwa na nguvu, ila hakuweza kusimama. Alijifunza kutembea upya kwa kuitazama miguu yake, na taa ikizimika huanguka.

Kwenye kano nako kuna vihisi, alivyovieleza Mwitaliano Camillo Golgi. Hivi vinapima nguvu ya mvuto. Zamani vitabu vilisema ni fyuzi tu ya kulegeza msuli mzigo ukizidi. Sivyo, vinaitikia hata nguvu ndogo sana. Kuli anayejitwika lumbesa ya viazi hapati taarifa pale anapozidiwa tu. Anazipata tangu gunia linapogusa bega.

Baba mkubwa sasa anaendelea na mazoezi ya mgongo. Kila mgeni anayefika kwake anakalishwa kwenye kigoda, anaambiwa afungamanishe vidole na kuvuta, kisha anagongwa kwa ubavu wa kiganja. Juzi mguu wa shemeji uliruka ukapiga meza, chai yote ikamwagika mkekani.