Kufumaniwa hakukunyang'anyi nyumba

Hakuna kifungu cha sheria kinachosema mke akifumaniwa, siku ya talaka anatoka na nguo zake tu. Hakipo. Nimechoka kusikia ndugu wa mume wakimtisha nacho mwanamke, na nimechoka vilevile na anayekuja na simu imejaa skrinshoti za mumewe na mchepuko akiamini ndo zitampa nusu ya nyumba.

Kwa huku Tanzania ugoni, yaani kuchepuka nje ya ndoa, una kazi yake. Ni ushahidi kwamba ndoa imevunjika, hasa kama mtu karudia au kalalamikiwa na bado akaendelea, na unaweza kumdai fidia yule mgoni mwenyewe aliyelala na mwenzi wako. Kabla ya kufungua kesi ya talaka mpite kwanza baraza la usuluhishi, bila hati yao mnarudishwa. Hayo nayapita haraka.

Shida iko kwenye kugawana mali. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamtaka hakimu aangalie mila za jamii yenu, mchango wa kila mmoja wa hela, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote na mahitaji ya watoto wadogo, akishapima hayo aelekee kwenye usawa. Ugoni haumo kwenye orodha hiyo! Na kupika na kulea ni mchango, Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Seif. Ila wengi wanaoitaja hawaimalizi: mchango wa Bi Hawa ulitambuliwa kweli, lakini hakuongezewa kitu kwa sababu mume alishampa hela akazitapanya. Kwa hiyo hata nusu kwa nusu haiji yenyewe, inathibitishwa.

Ndo maana nikikuuliza nani alimlipa fundi usinionyeshe picha za gesti. Kuna mama alikuja na kaunta buku limeloa pembeni, ndani kaandika saruji mifuko 12, nondo, tripu mbili za mchanga, fundi kalipwa nusu, hela ya vikoba imeingia hapa, na kiwanja kina jina la mume peke yake. Lile daftari lilimsaidia kuliko shahidi yeyote wa fumanizi. Mchepuko unaingia kwenye mali pale tu hela za ndoa zilipoenda huko, mfano mume kachukua kodi za nyumba zenu akamjengea mwingine, hapo tunafuata hela, alilala na nani hakutuhusu.

Sasa matunzo, yaani hela ya kumtunza mwenzi, ndo tofauti, na hapa watu wanachanganya kabisa. Kifungu cha 116 kinaangalia uwezo na mahitaji, halafu kinaangalia pia kila mmoja alihusika kiasi gani kuvunja ndoa. Kwa hiyo mke aliyechepuka anaweza kupunguziwa matunzo yake au akayakosa, na bado akapata fungu lake la nyumba. Matunzo ya watoto ni habari nyingine, baba hapunguzi hata shilingi kwa kosa la mama. Mume naye anaweza kudai matunzo kama ugonjwa au ulemavu umemzuia kujitafutia.

Kinachonisumbua ni asilimia za mgao wa mali. Ushahidi unafanana, hakimu huyu anatoa 30 yule anatoa 50, na hesabu iliyowafikisha hapo haionekani. Kuna hukumu nasoma fumanizi limesimuliwa kurasa na kurasa, mwishoni mgao wa mwanamke unatoka kiduchu bila kuambiwa kwa nini, na nashuku kosa la ugoni limepitishiwa humo kimyakimya, au kwenye hilo neno mila. Siwezi kulithibitisha, nashuku tu.

Hukumu ikitoka muombe wakili wako akuonyeshe aya iliyopima mchango wako. Kama haipo hiyo ni sababu ya rufaa, na una siku 45 tu kama rufaa inaenda Mahakama Kuu.