Klaudi Imejaa na Kesho Tunashuti

Ilikuwa saa tatu usiku, na alfajiri gari lilikuwa litoke Mwenge kwenda Bagamoyo. Ratiba ya siku ilikuwa tayari: nani anafika saa ngapi, nguo zipi zinavaliwa, jenereta linakaa wapi. Nabonyeza kupakia kwenye programu tunayopangia filamu, najibiwa nafasi imekwisha. Nikaishia kupiga picha skrini ya kompyuta na kuirusha kwenye grupu la WhatsApp. Picha ilikuwa na ukungu. Fundi taa akaisoma 5:00 kuwa 6:00, tukamngoja saa nzima, na jua zuri la asubuhi likatupita.

Tangu siku hiyo nimesikia maelezo mengi ya kwa nini klaudi, yaani hifadhi ya mafaili mtandaoni, hujaa. Mengi si ya kweli.

Dhana: Skripti na ratiba ndizo zinazojaza.

Skripti ya kurasa 100 iliyotolewa PDF moja kwa moja kutoka kwenye programu ya kuandikia kwa kawaida haifiki MB 1. Unaweza kuwa na rasimu ishirini na usione tofauti. Ila kuna mtu atachapisha hiyo skripti, aandike maoni kwa kalamu, kisha apige picha ukurasa mmoja mmoja kwa simu na kuzipakia. Kila ukurasa sasa ni picha ya MB 3 hivi. Skripti ileile imegeuka MB 300.

Mlaji mkubwa kabisa ni video za kukagua lokesheni, yaani mahali pa kushuti. Kwenye iPhone, mipangilio ya kamera inakuandikia wazi: dakika moja ya video ya 4K, ubora wa juu, kwa fremu 30 kwa sekunde ni takriban MB 170, na ya 1080p, ubora wa chini yake, ni takriban MB 60, zote kwa mfumo wa kubana faili. Msaidizi wetu alitembea na simu kwenye magofu ya Kaole kwa dakika 12, kuanzia msikiti wa kale, akapita makaburini, hadi mbuzi wakaingia kwenye fremu. Kwa 4K, hizo ni zaidi ya GB 2. Kwa 1080p zingekuwa kama MB 720, na hakuna ambacho mwongozaji angeshindwa kukiona. Tunakagua njia ya gari, kelele za jirani na mahali pa kivuli. Hakuna atakayeionyesha video hiyo ukumbini.

Dhana: Hifadhi ya mradi haihusiani na barua pepe yangu.

Inategemea faili limelala wapi. Zipo programu za kupanga filamu zenye hifadhi yake, lakini wengi wetu tunaweka folda kwenye Google Drive na kubandika linki tu. Huko, GB 15 za bure zinagawanywa kati ya Drive, Gmail na Google Photos. Picha mpya za Photos zilianza kuhesabiwa Juni 1, 2021, na siku hizi hata bakapu ya WhatsApp ya simu za Android inakula humohumo. Hebu fikiria prodyuza mwenye magrupu thelathini, kila grupu na video zake za harusi na mahubiri. Hizo ndizo zinazokaa kiti kimoja na mkataba wa mwigizaji wako.

Ukivuka kikomo, si kupakia tu kunakogoma. Barua pepe nazo haziingii wala hazitoki. Unasubiri kibali cha kushuti mahali fulani, kumbe barua imeshamrudia aliyeituma.

Dhana: Tukishea folda, tunagawana mzigo.

Hapa watu hugombana bure, kwa sababu kila huduma ina utaratibu wake. Kwenye Google Drive, faili linahesabiwa kwa mwenye faili peke yake. Mkiwa kumi au mia, anayebeba ni yeye. Kwenye Dropbox, kwa akaunti za kawaida, folda ya pamoja inakula nafasi ya kila mmoja aliyeikubali. Akaunti ya bure huko ni GB 2, kwa hiyo mtu wa mavazi anajaziwa akaunti na video za Kaole ambazo hata hazimhusu, kisha anaambiwa anasumbua.

Upande wa Drive kuna shida nyingine. Ukifungua mradi kwa akaunti ya kijana wa mkataba wa wiki mbili, mafaili aliyoyaunda ni yake. Siku anayosafisha akaunti yake, nusu ya mradi inaweza kuondoka. Fungueni akaunti ya mradi.

Dhana: Nimefuta, nafasi imerudi.

Bado. Drive inaliweka faili kwenye pipa la taka siku 30, na muda wote huo linahesabiwa. Limwage pipa. Na kama faili si lako, kuliondoa kwenye orodha yako hakupunguzi hata KB moja.

Dhana: Iko klaudi, kwa hiyo futa kwenye simu.

Hii inatia hasara kweli. Folda iliyounganishwa na klaudi ni kama kioo: ukifuta upande huu, na ule unafuta. Kabla ya kufuta, hakikisha faili lilipakiwa kama nakala inayojitegemea.

Na zile video halisi za filamu kutoka kwenye kamera msizipeleke huko kabisa. GB 100 kwa intaneti inayopakia Mbps 5 (megabiti 5 kwa sekunde) zinachukua zaidi ya saa 44 mfululizo, umeme usipokatika na bando lisipokwisha. Nunueni angalau diski mbili, kila moja ilale nyumba tofauti. Klaudi iachieni skripti, ratiba, mikataba na picha za lokesheni.

Sisi sasa tunabadilisha simu kuwa 1080p kabla hatujashuka garini, na kila Ijumaa mtu mmoja anamwaga pipa. Akaunti ya mradi imetumia GB 5 tu mpaka leo. Katika hizo, 2 ni zile dakika 12 za Kaole, kwa sababu mwongozaji amewapenda wale mbuzi na amekataa katakata kuzifuta.