BRCA1 kila mtu anayo, jamani

Nimetumiwa tena ile sauti ya WhatsApp, safari hii na shemeji yangu mwenyewe: dada mmoja anawahimiza watu wakapime "kama wana BRCA". Unayo. BRCA1 ni jeni, yaani maelekezo ya kutengeneza protini ya jina hilohilo, na ndiyo inayotajwa sana kwenye saratani ya titi na ovari. Mimi ninayo, huyo dada anayo, na mjomba wako anayetafuna miraa barazani anayo pia, tena nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Panya wa maabara wasiokuwa nayo kabisa hufia tumboni. Kazi yake ni kusaidia kuunga DNA iliyokatika nyuzi zote mbili, kwa kunakili kutoka kwenye nakala nzima iliyo jirani. Ikishindwa, seli hukimbilia njia za kulipua kazi, zinazounga ncha yoyote kwa yoyote, makosa yanarundikana, na saratani inapata pa kuingilia.

Hilo tuliache. Wanaonichosha hasa ni wale wanaolijua hilo vizuri, madaktari wakiwamo, ila wakiona neno "badiliko" kwenye ripoti ya kipimo cha jeni wanaona hukumu imeshatoka. Wajuaji zaidi huja na rula: protini ikikatwa sana, hatari kubwa, ikikatwa kidogo, hatari ndogo.

Haya, tupime. Protini ya BRCA1 ni mnyororo wa asidi amino 1863. Kuna badiliko linaloukatisha kazi mtambo wa seli unaounda protini ukifika ya 1853, kwa hiyo zinakosekana 11 tu za mwisho. Na ni badiliko hatari, halina mjadala. BRCA2, jeni mwenzake, protini yake ina 3418, na lipo badiliko linaloikatisha kwenye 3326. Hapo zinapotea 93. Kwa watu wenye asili ya Ulaya si ajabu kulikuta hilo, na hatari linayoongeza ni ndogo mno. Rula imefia wapi?

Imefia kwenye mkunjo. Mwishoni mwa BRCA1 kuna vikunjo viwili viitwavyo BRCT, vimebanana ubavu kwa ubavu, na zile 11 ni sehemu ya kinachokishikilia cha pili. Ziondoe, na ni kama mkeka uliokatwa ukingo: kinachofuata ni kufumuka tu, na seli haina subira na protini iliyofumuka, inaitafuna. Mkia wa BRCA2 pale unapokatwa haujikunji kuwa umbo lolote la kudumu, na sehemu zinazoshika DNA na RAD51, protini mwenzake wa kazi ya kuunga, zimeshapita, ziko salama.

Kuna linalonisisimua zaidi. Nafasi ya 1699 ya BRCA1 ni arginini, imekaa pale BRCT mbili zinapokutana, na inashiriki kuzipokea protini wenzake. Igeuke triptofani, asidi amino nene isiyoenea pale, hatari inakuwa kama ya protini iliyokatwa. Igeuke glutamini, umbo linayumba bila kuanguka, na familia zenye badiliko hilo zina hatari ya kati, chini sana ya ile 72% ya saratani ya titi hadi miaka 80 inayotajwa kwa wabebaji wa mabadiliko hatari ya BRCA1. Nafasi moja, majibu mawili! Sasa niambie "ana mutesheni ya BRCA1" imekueleza nini.

Upande wa mwanzo wa protini hii kuna kikunjo kiitwacho RING, kinachoshika zinki na kukumbatiana na protini nyingine, BARD1. Asidi amino ya 61, sisteini, ikiharibika, zinki haikai. Twende.

Katikati ndipo vitabu vinapojikausha. Zaidi ya nusu ya BRCA1 haina umbo maalumu, na hata AlphaFold, programu ya kompyuta inayobashiri maumbo ya protini, huichora kama tambi zilizomwagika. Mabadiliko ya asidi amino moja huko mengi hayadhuru, isipokuwa kwenye kipande kidogo kinachoshika protini ya PALB2, au pale badiliko linapovuruga ukataji na uungaji wa RNA, ile nakala ya jeni inayosomwa kutengeneza protini, jambo ambalo ukiangalia umbo la protini hulioni kabisa. Mwaka 2018 watafiti wa Seattle walijaribu karibu mabadiliko 4,000 ya RING na BRCT, wakaangalia seli zipi zinaishi. Kazi safi, naitumia sana. Lakini seli zile asili yake ni leukemia, si titi. Na kwa nini iwe titi na ovari, wakati DNA hukatika mwili mzima? Nadharia zipo, estrojeni ikiwamo, hakuna iliyonitosheleza.

Kwetu hili lina uchungu wake. Hazina za data za jeni zilijengwa zaidi kwa damu za Wazungu, kwa hiyo ripoti za Waafrika huja na "badiliko lenye maana isiyojulikana" mara nyingi zaidi. Mengi ya hayo yakichunguzwa upya huonekana hayana madhara. Usikubali kukatwa titi kwa ajili ya hilo peke yake. Historia ya familia ina uzito zaidi, na maabara iulizwe tena baada ya muda.

Na mkiniandikia kuuliza, nileteeni badiliko lenyewe, herufi na namba zake zote. "BRCA1 positivu" sijibu.